Mtu kafika getini kalewa, zamu inaanza baada ya dakika kumi: supavaiza afanye nini?

KaraniWaZamu (#1)
Wakuu salaam. Sera nyingi za ulevi kazini ni sentensi moja ubaoni: "Ni marufuku kufika kazini umelewa, atakayebainika atafukuzwa." Halafu saa 12 kasoro asubuhi mtu anafika getini macho mekundu, ananuka, na mzigo unasubiri fokolifti. Mlinzi anamwangalia supavaiza, supavaiza anaangalia saa. Ubao umenyamaza.

Tuchukue kiwanda cha kawaida cha watu 120 hapa Dar: zamu tatu, mashine za kukata na kukunja mabati, fokolifti 4, na semi 10 zinazopanda Tunduma. Wenye ujuzi shusheni hatua, si mawaidha. Nani anafanya nini, anaandika nini, na kesi ikifika CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi) ni kitu gani huiangusha.

Bi Usalama (#2)
Karani, anza kwa kutenga maamuzi mawili ambayo viwandani hufungwa kamba moja. La kwanza ni usalama: leo huyu anagusa mashine au hagusi? Hilo ni la supavaiza, linaamuliwa papo hapo na halihitaji ushahidi wa mahakamani. Wasiwasi wa maana unatosha. La pili ni nidhamu: amekosa, na adhabu gani? Hilo lina siku yake na watu wake. Ukiyafunga pamoja, supavaiza anaogopa kumsimamisha mtu kwa sababu anaona anamfukuza, kwa hiyo anampa fokolifti "leo tu, nenda polepole".

Sasa dakika zenyewe. Usimhoji kwenye foleni mbele ya wenzake, maana mlevi mbele ya hadhira hubisha hata asichokiamini. Mwite pembeni, chumba chenye kiti na hewa. Chukua ufunguo wa fokolifti kabla ya maneno mengine yote. Tafuta shahidi wa pili ambaye si rafiki yake wala hasimu wake. Akiwa ni mfanyakazi wa kike, shahidi mmoja awe mwanamke. Mwulize mambo manne: umelala saa ngapi, umekula nini, kuna dawa unatumia, kuna ugonjwa unaujua. Majibu yaandikwe kama alivyoyasema.

Fomu ndiyo watu wanaiharibu. "Amelewa" ni hukumu, na hukumu si kazi yako asubuhi hiyo. Andika ulichokiona:

"Saa 11:50. Amekosa kuweka kidole kwenye mashine ya mahudhurio mara tatu. Alipogeuka ameshika nguzo. Neno 'pareti' amelitamka 'paleleti' mara mbili. Harufu ya pombe nimeisikia kwa umbali wa mkono mmoja. Kofia ngumu ameivaa nyuma mbele, ameambiwa, hakuirekebisha."

Mistari mitano tu. Shahidi naye aandike yake kwenye karatasi nyingine bila kunakili yako. Karatasi mbili zilizofanana neno kwa neno zinanuka kuliko pombe yenyewe.

Kumrudisha nyumbani: haendeshi, hapandi bodaboda peke yake, na hafungiwi stoo "alale kidogo". Aje ndugu, au gari la kazi limfikishe mlangoni na jina la aliyempokea liandikwe. Akiwa haamki ukimtikisa, anatapika bila fahamu, au anapumua kwa kusitasita, hiyo ni hospitali. Mlaze ubavu, usimpe maziwa wala maji.

Nesi_Zamu (#3)
Dada Usalama umenena. Naongeza kitu kinachotakiwa kuja kabla ya kipimo chochote cha pombe: si kila anayeyumba amekunywa. Sukari ikishuka mtu hutoka jasho, huongea ovyo, huwa mkali. Aliyetoka kwenye kifafa huwa amezubaa hivyo hivyo. Malaria kali, kupigwa kichwa, kiharusi. Viwandani ongeza hewa ya jenereta iliyofungiwa chumbani, na mvuke wa thina kwenye chumba cha rangi. Mpaka rangi aliyefanya kazi na thina kwa muda wa saa nne bila kipumulio anayumba kama aliyetoka kilabuni, na kosa ni la mwajiri, si lake.

Kwa hiyo kwenye boksi la huduma ya kwanza weka glukomita (kipima sukari). Tone moja la damu, sekunde chache. Ikisoma chini ya 3.9 mmol/L na mtu anaweza kumeza, mpe gramu 15 za sukari: vijiko vidogo vitatu hadi vinne kwenye maji, au soda ya kawaida nusu glasi na ziada kidogo (si ile isiyo na sukari). Rudia kupima baada ya dakika 15. Na jihadhari: pombe kwa mtu ambaye hajala inaweza yenyewe kuishusha sukari, kwa hiyo kupata sukari ya chini hakumaanishi kuwa hakunywa. Vyote viwili vinaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja.

KijiweChaJioni (#4)
Mnazunguka mbuyu. Kipima ulevi kinauzwa Kariakoo. Apulize, soma namba, aende kwao. Mambo ya sukari ya nini?

PampuNaSensa (#5)
Mkuu Kijiwe, hicho cha bei chee karibu wote kina sensa ya semikonda. Hiyo haiitambui pombe peke yake. Asetoni ya mgonjwa wa kisukari inaisomea, moshi wa sigara unaivuruga, joto na unyevu wa Dar vinaihamisha. Kwa kazi ya kuamua riziki ya mtu nunua chenye sensa ya kielektrokemia, ile wauzaji huiita "fyueli seli". Ni ghali, lakini kinachopimwa ni pombe kweli.

Mengine yanayoharibu:

Pombe ya mdomoni. Aliyesukutua kwa dawa ya mdomo, aliyecheua, au aliyekunywa funda moja sasa hivi atasoma juu kupita kiasi. Subiri dakika 15 bila kula, kunywa, kuvuta wala kutafuna, na awe mbele ya macho yako muda wote. Kisha pima. Ikisoma juu ya kiwango cha sera, subiri tena dakika 15 hadi 20 na urudie. Uamuzi ufuate kipimo cha pili.

Vitakasa mikono. Kile chumba cha mlinzi kinachopuliziwa spiriti kila dakika si mahali pa kupimia. Pima hewa tupu kwanza, isome 0.00, iandike, ndipo apulize.

Mrija mpya kwa kila mtu, ufunguliwe mbele yake. Apulize pumzi moja ndefu kwa sekunde kama tano hadi mashine ilie. Anayepuliza kwa vipande au anayenyonya badala ya kupuliza, mwelekeze mara mbili, ya tatu andika "ameshindwa au amekataa" na ueleze alifanya nini hasa.

Kalibresheni: fuata kitabu cha mashine, kwa kawaida kila miezi 6 au 12, na cheti kikae faili moja na daftari la vipimo. Namba ya mashine iandikwe kwenye kila fomu.

Halafu vipimio, hapa ndipo sera nyingi zinachekesha. Unakuta imeandikwa "kiwango kisizidi 0.2". 0.2 ya nini? Miligramu kwa lita ya pumzi, gramu kwa lita ya damu, au asilimia? Mtu yule yule anaweza kusoma 0.29, 0.6 au 0.06 kulingana na mashine ilivyosetiwa. Asilimia 0.2 ni mtu aliyelala mtaroni. Andika kipimio kwa maneno kamili kwenye sera, na mashine zote zisetiwe hivyo hivyo.

KaraniWaZamu (#6)
Asante fundi. Sasa kuna huyu ambaye ndiye wengi: hajanywa asubuhi. Kanywa jana, kalala, kaoga, kapiga supu. Anaapa yuko sawa.

Nesi_Zamu (#7)
Tupige hesabu. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25 za pombe, sawa na karibu gramu 20. Bia tano ni gramu 100. Mwanamume wa kilo 70: zidisha uzito kwa 0.68 unapata 47.6, gawa 100 kwa hiyo. Unapata karibu gramu 2.1 kwa lita ya damu, yaani miligramu 210 kwa mililita 100.

Ini hutoa wastani wa miligramu 15 kwa saa katika kila mililita 100 za damu. Ameanza saa 2 usiku, saa 12 asubuhi zimepita saa 10, zimetoka 150. Zimebaki 60. Kwenye pumzi hiyo ni kama miligramu 0.29 kwa lita. Sheria ya barabarani ya Tanzania inaweka mpaka wa 80 kwa mililita 100 za damu, kwa hiyo trafiki anaweza kumwachia. Lakini bado ana pombe, na kiwandani anaenda kuinua tani mbili juu ya vichwa vya watu. Sifuri ataifikia kama saa 4 asubuhi. Na huo ni wastani: wapo wanaotoa 10 tu kwa saa, huyo saa 12 bado ana 110.

Mwanamke kwa bia zile zile hupanda zaidi, maana kizidisho chake ni kama 0.55 na mara nyingi ni mwepesi. Pombe kali ndiyo inawadanganya watu kabisa: chupa ndogo ya mililita 250 yenye asilimia 35 inaingia mfuko wa suruali, ina karibu gramu 69. Ni bia tatu na nusu.

Supu ya pweza, kahawa, limau, kuoga maji baridi: vinamwamsha, havimpunguzii hata miligramu moja. Kilichobaki baada ya sifuri ni uchovu na kichwa kuuma, na kipimo hakikioni hicho. Ndiyo maana karatasi ya Bi Usalama ni muhimu kuliko namba.

Hesabu hii ni ya kufundishia kwenye kikao cha kabla ya zamu. Usiitumie kumtia mtu hatiani.

Semi_Tunduma (#8)
Kwenye magari tatizo kubwa si bia, ni mirungi. Na mirungi haitafunwi kwa starehe, inatafunwa kwa sababu ratiba imeandikwa na mtu asiyeendesha. Posho ya safari inalipwa kwa kuwahi, foleni ya mpakani haihesabiwi, dereva analipa deni la saa kwa usingizi wake. Mirungi haiondoi usingizi, inauficha. Ikiisha, usingizi unakuja wote kwa mkupuo, mara nyingi alfajiri, kwenye mteremko.

Kabla ya kununua stripu za kupima dawa za kulevya kwenye mkojo, chukua taarifa za GPS za mwezi mmoja. Tafuta gari lililotembea saa 14 na kusimama kwa dakika 20. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu mtu kupita saa 12 kwa siku hata na ovataimu ndani yake, na ovataimu haizidi saa 50 kwa wiki nne. Ukipata magari hayo, umepata mirungi bila kupima mkojo wa mtu. Badilisha: posho iwe ya safari iliyokamilika na mzigo salama, si ya saa. Kituo cha kulala kiandikwe kwenye hati ya safari na kilipiwe na ofisi. Ukimpa dereva fedha ya gesti mkononi atalala kwenye kebini, fedha aitume nyumbani, na mimi simlaumu.

Utingo naye apimwe na apumzike. Usiku wa manane ndiye anashika usukani huku ofisi haijui.

MwanaKilindini (#9)
Salaam kutoka Mombasa. Tahadhari kwa walio na madereva wa mipakani: miraa (ndiyo mirungi) Kenya ni zao halali la biashara, Tanzania ni dawa ya kulevya. Dereva anaweza kununua Namanga upande huu kihalali, akivuka na kifurushi amekuwa mhalifu, na gari la kampuni limo ndani ya kesi. Sera iseme wazi kwamba marufuku ni kutumia saa za kazi na kubeba kwenye gari, hata mahali ambapo ni halali.

Kisheria kwetu, Sheria ya Ajira ya 2007 kifungu cha 44(4)(b) inautaja ulevi saa za kazi, unaomfanya mtu ashindwe kazi yake, kama kosa linaloweza kumfuta papo hapo. Mabosi wengi husoma hapo wakafunga kitabu. Kifungu cha 41 kinakutaka umweleze sababu kwa lugha anayoielewa na umsikilize akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama, hata kama unamfuta papo hapo. Kesi huanguka hapo, si kwenye ulevi.

Kifungu37 (#10)
Kwa Tanzania ni vivyo hivyo. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinataka sababu halali na utaratibu wa haki, vyote viwili. Kanuni za utendaji bora, GN (Tangazo la Serikali) namba 42 ya 2007, zinaeleza utaratibu: uchunguzi kwanza, kisha barua ya tuhuma, muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48, kikao kinachoongozwa na mkubwa ambaye hakuhusika na tukio, na mfanyakazi kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama. Ukitaka asiingie kazini wakati uchunguzi unaendelea, msimamishe kwa mshahara kamili. Akiachishwa ana siku 30 za kupeleka mgogoro CMA.

Yanayoangusha: supavaiza aliyemkamata ndiye mwenyekiti wa kikao. Barua inasema "utovu wa nidhamu" bila siku, saa wala tendo. Kikao kimefanyika siku ile ile, mtu bado hajalevuka, ametia saini ya kukiri. Hiyo saini ni zawadi kwa upande wa pili. Jingine: fulani alipewa onyo mwaka jana kwa kosa hilo hilo, huyu amefukuzwa, na hakuna anayeweza kueleza tofauti.

Na sera lazima mfanyakazi awe ameijua kabla. Iwe kwa Kiswahili, saini yake, nakala kwenye faili. Kipimo cha kushtukiza ambacho hakimo kwenye sera ni ugomvi.

KijiweChaJioni (#11)
Haya, pombe nimekubali. Bangi je? Jumatatu asubuhi wote 120 mkojo, stripu ya vitano kwa mpigo, kazi imeisha.

Nesi_Zamu (#12)
Kaka, stripu ya bangi haikuambii kama mtu amelewa sasa. Inakuambia mabaki yake yamo kwenye mkojo. Kwa aliyevuta mara moja hukaa siku chache, anayevuta kila siku anaweza kutoa chanya wiki nne baadaye akiwa timamu kabisa. Kwa hiyo ukipima watu 120 Jumatatu, utamnasa aliyevuta wikiendi iliyopita, na utamkosa aliyemeza tramadoli (dawa kali ya maumivu) nusu saa iliyopita, kwa sababu stripu ya kawaida ya afyuni haiioni tramadoli. Mirungi nayo hupita kwenye stripu nyingi za amfetamini.

Mkilazimika kupima, basi ifanyike sawasawa. Chombo kina kipima joto ubavuni: ndani ya dakika 4 mkojo usome kati ya nyuzi 32 na 38, vinginevyo umetoka mfukoni. Maji ya choo yatiwe rangi ya bluu, bomba lifungwe. Sampuli igawanywe chupa mbili, zifungwe kwa lakiri mbele yake, naye atie saini. Stripu isomwe ndani ya muda ulioandikwa kwenye pakiti. Mstari hafifu wa kipimo ni HASI, na hapa wengi wanakosea kwa sababu wamezoea vipimo vya ujauzito, ambako mstari ndio chanya.

Stripu haihukumu. Chanya iende kuthibitishwa maabara kwa GC-MS (mashine inayotambua dawa yenyewe), Mkemia Mkuu wa Serikali anafanya. Dawa za mafua zenye pseudoefedrini huweza kuwasha amfetamini. Sirapu ya kikohozi yenye kodeini inawasha afyuni, kwa haki kabisa. Na hili lisikieni vizuri: efavirenzi, dawa ya ARV, inaweza kutoa chanya ya uongo kwenye baadhi ya stripu za bangi na za dawa za usingizi. Supavaiza akimkaba mtu mbele ya wenzake "unatumia nini?", anamlazimisha kutangaza hali yake ya VVU ili aokoe kibarua. Ndiyo sababu matokeo yaende kwa mtu wa afya peke yake, azungumze na mhusika faragha, na kwa HR irudi sentensi moja: "anafaa" au "hafai kwa mashine kwa siku kadhaa". Jina la dawa halihitajiki ofisini.

Bi Usalama (#13)
Bado hatujamgusa anayetegemea pombe au dawa. Kuna anayekunywa Ijumaa akazidisha, na kuna ambaye mikono inamtetemeka mpaka apate ya kwanza. Shirika la Kazi Duniani kwenye mwongozo wake wa 1996 linataka tatizo la pombe na dawa litendewe kama tatizo jingine la afya, na kwa huyu wa pili hiyo si huruma tu. Ukimwambia "kuanzia kesho sifuri, la sivyo kazi huna" anaweza kukutii na kufa. Kuacha ghafla kwa mnywaji wa kila siku huleta mtetemeko na jasho ndani ya siku ya kwanza, degedege linaweza kuja ndani ya saa 48, na siku ya pili hadi ya nne kuweweseka na kuona visivyopo. Akiangukiwa na degedege kwenye jukwaa la mita sita, fomu itasema "ameanguka". Aende hospitali kwanza, aachishwe pombe kwa dawa, ndipo mkataba wa kurudi.

Mkataba huo uwe ukurasa mmoja: tarehe za kliniki, kazi atakayofanya kwa muda (ufungashaji, si fokolifti), atapimwa mara ngapi na kwa muda gani, nani anajua, na nini kitatokea akirudia. Kurudia mara moja ni kawaida ya ugonjwa wenyewe, amueni mapema mtafanya nini. Anayetumia methadoni (dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini), huduma ambayo Muhimbili iliianza 2011, huenda akalazimika kufika kliniki kila siku asubuhi. Mpe zamu ya mchana. Ukimpa ya saa 12 asubuhi umemlazimisha achague kati ya dozi na kazi, na unajua kitakachoshinda.

KaraniWaZamu (#14)
Nimepata zaidi ya nilichoomba. Mawili ya mwisho: siku za mshahara, na mabosi.

Bi Usalama (#15)
Mshahara lipa Jumatatu au Jumanne, si Ijumaa jioni. Asubuhi ya siku inayofuata usipange kazi ya juu wala ya kubadilisha visu vya mashine ya kukata. Pima pumzi getini kwa kila anayeingia eneo la mashine siku hiyo, wote kwa foleni, ili asiwepo wa kusema amechaguliwa.

Na foleni hiyo ianze na meneja. Anayerudi na mgeni kutoka chakula cha mchana, bia mbili tumboni, akitaka kumwonyesha mashine, apulize kama saidia fundi. Mlinzi awe na karatasi yenye saini ya mkurugenzi inayomruhusu kumzuia. Bila hiyo karatasi hatamzuia, na hupaswi kumtegemea amzuie.

PampuNaSensa (#16)
Nyongeza ndogo: mirija nunueni boksi zima mapema. Ikiisha, wataanza kuisuuza na spiriti, na hapo kila mtu atasoma juu.